Kikwembe cha Kuombea Mwalimu

Kikwembe kipya, kitenge kisichofuliwa bado, kina harufu isiyofanana na kitu kingine: wanga, rangi, na kitu kidogo kama mafuta ya taa. Juzi nilisimama katika duka moja hapa Kasongo, mwenye duka akanikunjulia vipande kadhaa mezani, na kabla sijachagua rangi pua yangu ilikuwa imekwisha kunirudisha katika ua wa mama yangu. Nilichukua cha kijani. Mwenye duka ananijua, anajua mimi ni mkuu wa shule. "Direktrisi, unaenda ku arusi?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, naenda kutafuta mwalimu. Alicheka sana. Mimi sikuwa na nguvu za kucheka.

Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa, nafunga kitambaa kichwani, napanda nyuma ya pikipiki na kuingia vijijini kuomba walimu. Vijana wenye diplome wamekwenda Salamabila kwenye dhahabu. Wengine wanachimba, wengine wanauza betri na mkate, na wasichana waliosomea ualimu wanawapikia wachimbaji. Siwalaumu, tumbo halina subira. Lakini ninachotafuta mimi ni kigumu zaidi: mwalimu mwanamke, tena aliyetoka katika nyumba kama zetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama miaka mingi hata mgongo umesahau kunyooka.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka ilivyokuwa. Sisi wa familia za Kiislamu za mjini tulichelewa shule. Shule ilikuwa ya misheni, na babu zetu waliamini kwamba mtoto akiingia kwa jina la Mwajuma atatoka kwa jina lingine. Wakatupeleka kusoma Kurani, kalamu wakawaachia wengine. Hofu yao ilikuwa na sababu zake, siwacheki. Ila ilituachia upungufu mmoja mkubwa: siku tulipopata shule yetu wenyewe, hatukuwa na walimu wetu wenyewe.

Baba yangu alikuwa direkta wa shule hiyo. Walimu wake wote walikuwa wanaume, na karibu wote walitoka upande wa misheni. Walikuwa watu wema. Mmoja alinifundisha kugawanya kwa kokwa za chikichi, na mpaka leo namuombea dua. Lakini msichana alipokaribia mwaka wa sita, mama yake na shangazi zake walimtazama yeye, wakamtazama mwalimu, kisha wakamwambia abaki nyumbani atwange mpunga. Mwalimu akija kuuliza, alisimama nje ya ua akipiga hodi, maana mwanamume hawezi kuingia kwenye ua wa wanawake, na ndani walijibu kwamba mtoto ni mgonjwa. Kulikuwa na ugonjwa mwingi sana katika mwaka wa sita.

Dada yangu Mwajuma aliugua ugonjwa huo huo. Shangazi zangu walimtoa shuleni, na Baba, direkta mzima, akashindwa kuwapinga dada zake. Sijui kama mnaweza kuelewa aibu ya mtu anayezunguka mji akiomba watoto wa wenziwe wasome, na wa kwake yuko jikoni. Yaya Mwajuma, kama tunavyomwita dada mkubwa, hakulia mbele yetu. Alikuwa na mkono mwepesi wa kutwanga, na alipotwanga alikuwa akisema kwa sauti ya chini yale mashairi ya Kifaransa tuliyofundishwa, mstari mmoja kwa kila pigo la mchi. Mimi nilikuwa namaliza mwaka wa tano. Zamu yangu ilikuwa inakuja, ingawa mimi mwenyewe sikuijua.

Ndipo kiangazi kile Mama akanunua kikwembe.

Kilikuwa cha buluu, chenye ndege. Alikifunga katika kitambaa cheupe, na chumba chote kikanuka duka. Kisha akapepeta mchele mpya, akauchagua punje kwa punje. Jogoo akafungwa miguu chini ya meza. Mjomba, kaka yake Mama, ambaye hakuonekana kwetu ila kwa misiba na arusi, akaja amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Tena nikamwona Mama akifagia chumba chetu sisi wasichana, akipanga mikeka upya na kuacha nafasi.

Mtoto si mjinga. Nyumba iliyotutazama ng'ambo ya barabara ilikuwa imefanya mambo hayo hayo, kikwembe, mchele, jogoo na mjomba, na baada ya siku chache baba wa nyumba hiyo alikuwa na mke wa pili. Nikamfuata Mwajuma jikoni.

"Yaya, Baba anaoa?"

Mwajuma alikuwa akikunja nguo zake. Alinitazama kama mtu aliyekatizwa hesabu. "Nani alikuambia?"

"Naona."

"Kama unaona, basi nyamaza," akasema, akaendelea kukunja.

Kilichonimaliza kabisa ni kwamba tulipoondoka kwenda kijijini, Baba hakufuatana nasi. Kuhusu posa nilikuwa najua jambo moja, nalo nililijua vizuri: bwana arusi haendi mwenyewe, hutuma watu. Miaka mingi baadaye Baba alinieleza kwamba alibaki kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Direkta mwanamume akienda peke yake kumtafuta msichana mwenye diplome, kijiji kizima kitasema anatafuta mke. Ndiyo maana alimtuma mkewe, awe ushahidi wa heshima yake. Maskini Baba, alijikinga na midomo ya Lusangi yote, kijiji tulichokuwa tukienda, akasahau macho ya binti yake.

Tulipanda lori la wafanyabiashara lililokuwa likielekea Salamabila, tukiwa juu ya magunia ya chumvi. Mama alikaa mbele yangu, Mjomba alimshika jogoo, na Mwajuma alikumbatia furushi kubwa. Nilidhani furushi lile nalo ni zawadi. Nilimtazama Mama njia nzima nikitafuta hasira usoni pake, sikuiona. Alikuwa mtulivu, na utulivu ule ulinitisha. Niliwaza: mama yangu anakwenda kumwombea mumewe mwanamke kwa mkono wake mwenyewe.

Nyumba tuliyoingia Lusangi ilikuwa ya kikongwe mmoja ambaye macho yake yalikwisha kuwa meupe. Alikaa mlangoni, akigeuza kichwa kufuata nyayo zetu. Msichana aliyetupokea alikuwa mjukuu wake, Zaituni, mwembamba, mrefu, mwenye mikono mirefu ya nguo mpaka kwenye vidole. Alikuwa yatima, kikongwe ndiye aliyemlea, na alikuwa msichana wa kwanza wa Kiislamu pande zile kupata diplome ya ualimu. Haya nayajua sasa. Wakati ule niliona tu kwamba ni mzuri kuliko nilivyoogopa.

Mama alikunja magoti kwenye mkeka, akaweka kikwembe mapajani, na kusema neno ambalo sijalisahau. "Mama muzee," alisema, "tumekuja kuomba mutu. Hatukuja kuomba kitu. Kitu mutu ananunua. Mutu, anaombwa."

Kikongwe alinyoosha mkono, akapapasa kitambaa, akakivuta puani. "Kipya," akasema.

"Kipya, Mama."

"Na huyo mutu munamupeleka wapi?"

"Kwetu, Kasongo. Atalala na watoto yangu wanawake. Atakula kwa sahani yangu. Akigonjwa, nitamuchunga kama wangu."

Kama haya si maneno ya posa, niambieni ni maneno ya nini. Nilikaa nyuma ya Mjomba nikisikiliza. Neno "shule" lilitajwa pia, nakumbuka, lakini nililiona kama vile watu wazima wanavyozungumzia mvua kabla ya kusema walilolijia.

Kikongwe aliachia kitambaa. Kisha akasema, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Zaituni ndiye macho yangu. Maji, yeye. Kuni, yeye. Njia ya chooni, yeye. Mukimubeba, munaniachia nani?"

Mjomba alitazama chini. Mama hakumtazama mtu yeyote. "Tulipata salamu yako kwa wale wa lori," akajibu. "Tulikuja na jibu." Akaniambia nitoke nje nikamwangalie jogoo.

Jogoo hakuwa na shida yoyote. Niliporudishwa ndani, Zaituni alikuwa amefunikwa kikwembe cha buluu mabegani, wanawake wa jirani wanapiga vigelegele, na Mwajuma amekaa chini karibu na miguu ya kikongwe. Kikongwe alikuwa amemshika mkono.

Tulirudi bila Mwajuma. "Yaya anabakia kidogo kusaidia ule muzee," Mama aliniambia. "Mupunga ikivunwa, atarudi." Nilikubali haraka, kwa kuwa akili yangu ilikuwa kwenye jambo lingine: Mama alikuwa analia. Aligeuzia uso njia tuliyotoka, akalia toka Lusangi mpaka tulipoona miti ya Kasongo, bila sauti, huku kitambaa cha kichwa kikiloa. Zaituni alikaa pembeni yake hajui aweke wapi mikono. Nilimwangalia kwa chuki ambayo sikuwa nimewahi kumwonea mtu. Niliamini kwamba Mama amekwisha kumwona mke mwenziwe kwa macho, na utulivu umemwisha.

Zaituni akalala kwenye mkeka wa Mwajuma, karibu nami, na kikwembe chake kipya kikanuka mpaka katika ndoto zangu. Nilisubiri arusi. Kila Baba alipomsemesha nilisogea nisikilize, na kila mara alikuwa akisema mambo ya chaki, madawati na mtoto wa fulani ambaye hakuonekana. Niliona Baba ana mbinu. Nilikataa kula pamoja na Zaituni, nikadai tumbo. Alinichotea chakula changu pembeni, akaweka kichwa cha samaki ambacho kila mtu hukitaka. Nilikila kichwa kile kwa hasira nyingi, kikanikaa vizuri.

Halafu shule ikafunguliwa, akapewa mwaka wa sita, nami nikawa mwanafunzi wake.

Nitasema ukweli, hakuwa mwalimu wa ajabu. Kifaransa chake kilikuwa kinakwama, na sehemu za namba zilimtoa jasho. Lakini nafasi ya msichana ilipobaki tupu, Zaituni hakuuliza mara mbili. Baada ya masomo alifunga kikwembe chake, akanishika mkono nimwonyeshe njia, na pale ambapo walimu wote walisimama nje wakipiga hodi, yeye aliingia. Aliingia mpaka jikoni. Aliketi kwenye kibao, akachukua sombe, majani ya muhogo, akasaidia kutwanga, akauliza hali ya mama mzaa chema, na walipomwambia mtoto ni mgonjwa alisema, "Nimuone basi, nimusalimie." Mtoto alikuwa pale pale anaosha masufuria. Wanawake walicheka kwa aibu, na kesho yake mtoto yuko darasani. Hakuna hotuba iliyofanya kazi ile. Ni kwamba alikuwa wetu, alijua tunavyodanganya.

Siku moja tukitoka katika nyumba kama hiyo, nilimwona shangazi yangu mkubwa, yule aliyemtoa Mwajuma shuleni, akimwita Zaituni "mwanangu". Shangazi yule hakuwahi kuniondoa mimi. Hata hakujaribu.

Nilimuuliza Mama asubuhi moja, tukianua mpunga. Nilikuwa nimechoka kusubiri. "Baba atamuoa mwalimu lini?"

Mama aliacha ungo. Alicheka, akacheka mpaka akakaa chini, akaita jirani aje asikie. Kisha kicheko kikamgeuka usoni, akanivuta kwake. "Weye mutoto," akasema, "ule hatukumuombea Baba yako. Tulimuombea weye. Ungebakia hapa na muchi kama Yaya yako."

Ndipo nikauliza swali lililofuata, ambalo mtoto yeyote angeuliza. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, tulikuwa tumeushika mikononi. "Na Yaya anarudi lini?"

Mama aliinua ungo, akaanza kupepeta tena, na makapi yakatuingia machoni sote wawili.

Mwajuma hakurudi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na hilo ndilo linalonichosha ninapolifikiri. Kila mwaka kulikuwa na sababu. Zaituni akafanya kazi vizuri, wasichana wakaongezeka, Baba hakuweza kumwachia aende. Kikongwe naye akaishi, akaishi sana, Mungu amrehemu, na mkono aliozoea ulikuwa wa dada yangu. Kisha vita vikakata njia. Njia ilipofunguka Mwajuma alikuwa ameolewa huko huko na mkulima, ana mtoto mgongoni. Mimi nilimaliza mwaka wa sita, nikaendelea, nikapata diplome, nikakaa kwenye kiti cha Baba. Mtu aliyelipia masomo yangu ni yule ambaye masomo yalikuwa yamekwisha kumpita. Alikuwa amekosa mara ya kwanza, kwa hiyo ilionekana rahisi kumkosesha mara ya pili.

Tulisalimiana katika misiba. Alikuja kumzika Baba, akaja kumzika Mama. Alikaa kidogo, akarudi kwake. Hatukugombana hata siku moja, na ninyi mnajua kwamba ndugu wasiogombana kabisa wana neno.

Jana nilifika Lusangi na kikwembe cha kijani. Nilikuwa nimesikia kwamba binti yake wa mwisho, Rehema, amepata diplome ya ualimu. Njia nzima nyuma ya pikipiki nilijiambia kwamba naenda kwa dada yangu, si kwa mtu wa mbali, kazi itakuwa nyepesi. Nimeomba walimu katika nyumba za watu nisiowajua, nimefukuzwa na mbwa, nimejibiwa kupitia dirishani. Kwa ndugu yangu nitaogopa nini?

Alikuwa anatwanga. Mkono bado mwepesi, nywele nyeupe. Alinikaribisha, akaniletea maji ya kunywa, akaita Rehema anisalimie. Msichana alipiga goti. Ana mikono mirefu na macho ya Mama yetu, na alipoona furushi langu alijua, kwa kuwa vijijini habari hutangulia pikipiki. Nilimwona anajizuia kutabasamu. Anataka kwenda, hilo halikuhitaji kuulizwa.

"Mama mudogo yako iko na mambo ya kusema," Mwajuma akamwambia. "Enda kuangalia jogoo."

Nilishtuka kusikia maneno yale. Hawana jogoo.

Nilianza vibaya. Nilisema kuhusu shule, kuhusu wasichana wa mwaka wa sita, nikasema Rehema atalala nyumbani kwangu. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayezungumza na mtu wa kwao, nikamsukumia kikwembe kwenye mkeka. Mwajuma alikichukua. Alikikunjua kidogo, akakileta puani, akavuta harufu yake polepole huku amefumba macho.

"Ya Zaituni ilikuwa ya buluu," akasema. "Ilinuka vile vile."

"Nakumbuka, Yaya."

"Yeye walimuomba. Mama alipiga magoti, Mujomba alivaa kanzu, mulikuja na jogoo. Hata bwana yangu, na umaskini yake, alikuja kuniomba kwa ule muzee na kikwembe." Alifumbua macho. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka tu, kama mimi. "Miye, kwetu, nani aliniomba? Mama aliniambia nikunje nguo. Nilikunja."

Mjomba alikufa, Mama alikufa, Baba alikufa. Waliopaswa kuulizwa wote walikuwa chini, na mimi ndiye niliyebaki, niliyelala miaka yote hiyo katika nafasi iliyoachwa wazi.

"Rehema nitakupa," Mwajuma akasema. "Aende, afundishe. Sitamufunga hapa na muchi. Lakini kwanza niombe miye. Umechelewa, lakini niombe."

"Nikuombe nini, Yaya? Mambo ilishapita."

"Niombe vile vile."

Magoti yangu ni mabovu, pikipiki imeyamaliza. Nilishuka kwenye mkeka kidogo kidogo, nikishika mguu wa kiti chake. Nilikunja kikwembe upya kama kilivyotoka dukani, nikakiweka mapajani. Nje, Rehema alikuwa amesimama karibu na mlango, akisikiliza.

"Yaya," nikasema, kisha nikaanza upya. "Yaya Mwajuma. Nimekuja kuomba mutu. Sikuja kuomba kitu."

Akanyoosha mkono, akapapasa kitambaa kama vile hajakiona.

"Kipya," akasema.